Waliondoa J, Wakaniweka Mimi

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha juu ya benchi la kantini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nikimwambia Meneja Masoko mbele ya zamu nzima kwamba sabuni yake inanuka kuliko uchafu inaousafisha. Wengi mmeniuliza kama nilifukuzwa. Afadhali ningefukuzwa.

Aliyechelewa nitamfupishia, maana hasira haijanipa subira. Mimi ni mwanamke wa kiwandani, chumba cha kufunga sabuni, mashine ya karatasi. Wenzangu wananiita Mama Cheche na sijawahi kuwauliza kwa nini. Sabuni yetu inaitwa Kijakazi. Kwenye karatasi yake amechorwa msichana mweusi tii, midomo myekundu, macho yametoka, amepiga magoti anasugua sakafu kando ya miguu miwili myeupe isiyo na mwenyewe. Chini yake pameandikwa: "Kijakazi, hung'arisha hata kilichozaliwa cheusi."

Nina binti mmoja, yuko darasa la sita, mweusi kama mimi na kama mama aliyenizaa. Darasa zima liliacha jina lake, likamwita Kijakazi. Wakimwona anapita wanamwambia apige magoti. Siku alipokataa kwenda shule, ndiyo siku nilipopanda benchi. Mtu akanirekodi kwa simu, nami nikasambaa kila mahali kama harufu ya samaki.

Basi, nikaitwa ofisini.

"Kaa, dada yangu, kaa."

Miaka yote Meneja aliniita "wewe wa karatasi." Leo nimekuwa dada. Akanisogezea soda, akaifungua kwa mkono wake mwenyewe. Nikajua hapa ama nafukuzwa, ama nanunuliwa.

"Tumekusikia," akasema. "Redio zinasema, magazeti yanasema, wateja wanasema. Dunia inabadilika na sisi tunabadilika nayo. Jina linaondoka."

"Jina gani?"

"Hilo."

Hakuweza kulitamka. Tangu video isambae, ghorofa nzima ya juu walikuwa wakisema "hilo jina," utadhani ni ugonjwa wa aibu. Sisi wa chini tuliendelea kulifunga kwenye karatasi.

Akakunjua karatasi mpya juu ya meza, akaipapasa kingo zisijikunje. Rangi zile zile, herufi zile zile nene za njano. Zimeandikwa KILAKAZI.

Nikasoma. Nikasoma tena.

"Mmebadilisha herufi moja."

"Herufi yenye matatizo."

"Matatizo yalikuwa kwenye J?"

"Dada, hebu ona ubunifu wenyewe! Kila kazi. Nguo, vyombo, sakafu, mwili. Mtambo wa kuchapa hatuugusi, tunabadilisha kipande kimoja tu. Mteja wa zamani hapotei dukani, mteja mpya hakasiriki. Kila mtu anafurahi."

"Na yule msichana?"

"Yule amestaafu." Akacheka peke yake. "Tumemtoa, yeye na miguu yake."

"Ile miguu haikuwa yake."

"Naam?"

"Yeye alikuwa amepiga magoti. Ile miguu ilikuwa ya mwingine."

Akakohoa, akanywa soda aliyonifungulia mimi. "Yote imetoka. Na yale maneno ya chini yametoka. Mahali pake tunaweka sura ya mwanamke wa leo, mwenye kujiheshimu. Mchoraji anaimalizia. Sisi tunakuomba kitu kimoja tu. Uje redioni tukitangaza jina jipya, watu wakuone. Wewe ndiye uliyelianzisha jambo hili."

Ningeuliza mwanamke gani. Mdomo wangu huu unaouliza bei ya kitu nisichonunua, siku ile ulilala usingizi. Moyoni nilikuwa nimekwisha kumwona binti yangu akitembea shuleni kichwa juu. Nikasema nitakwenda.

Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyeshinda kesi. Binti yangu alikuwa mezani anabandua ganda la penseli kwa kucha.

"Limeondolewa," nikamwambia.

"Kweli, mama?"

"Kweli kabisa."

"Lote?"

Nikamwambia lote. Habari ya herufi moja sikumwambia.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anakunywa chai. Anaishi nasi tangu baba mkwe afariki, na hakuna neno linalopita chumba kile bila yeye kulikagua.

"Mnaondoa jina limewakosea nini?" akauliza. "Mimi nimeoga Kijakazi tangu kabla sijavunja ungo. Sijawahi kuumwa na jina. Nimeumwa na maji ya baridi."

"Mama, mjukuu wako ameumwa."

"Mjukuu wangu anadeka."

"Mjukuu wako anaambiwa apige magoti, mama."

Akapuliza chai ambayo ilikwisha kupoa.

Sasa hapa nimlete mume wangu, maana bila yeye hadithi hii isingekuwa na mkia. Mume wangu ndiye sauti ya gari la matangazo la kampuni. Lile gari jeupe lenye spika juu, linalopita mitaani asubuhi likiwaamsha wagonjwa, anayepiga kelele ndani yake ni baba wa mwanangu. Watu wanamwita Spika, na yeye anaona ni sifa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mume wangu ndiye miguu ya kile kibaya. Jina lililomtoa mwanangu shuleni lilikuwa likitoka kinywani kwa baba yake, mtaa kwa mtaa, na kila nilipomwambia alinijibu kwamba kazi ni kazi.

Jioni ile nikamsikia bafuni anajifunza.

"Njoo ununue Kija... Kila! Kilakazi! Njoo ununue Kija... ah!"

Mama mkwe akacheka mpaka akamwaga chai. Ulimi hauna mfupa, lakini wa mwanawe ulikuwa umeota mfupa wenye J.

Alipotoka bafuni, mimi bado nacheka, yeye hacheki. Akala kimya. Akatoa sahani yake mwenyewe mezani, jambo ambalo halijatokea tangu tuoane. Spika ikizimika yenyewe, angalia waya.

"Una nini, mume wangu?"

"Nimechoka."

"Tumeshinda, hufurahi?"

"Nafurahi." Akaangalia sahani tupu. "Kesho redioni usiwe mkali sana."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Studio yenyewe ni chumba kidogo, kuta zimebandikwa sponji kama godoro lililosimamishwa. Mtangazaji ni mama mmoja mwenye sauti ya asali na macho ya kuhesabu dakika. Kulikuwa na kamera pia, watu wanatutazama kwenye simu zao. Meneja alikaa kulia kwangu na kitu kilichofunikwa kitambaa.

Simu zikafunguliwa. Wa kwanza alikuwa mwenye duka.

"Mimi nasema jina ni jina tu. Mambo ya zamani yameshapita. Mavi ya kale hayanuki, jamani."

Nikavuta maiki. "Hayanuki yakiachwa yalipo. Haya mnatukanyagisha kila asubuhi bafuni."

"Tutumie lugha ya staha, wapendwa," akasema Mtangazaji.

Wa pili akapiga kuuliza kama kesho tutabadilisha na rangi ya viatu, kwa sababu nayo ni nyeusi. Nikamwambia rangi ya viatu haijawahi kwenda shule ikarudi inalia. Wa tatu alikuwa mwanamke, mpole kabisa.

"Dada, mimi naona mnakuza jambo. Kijakazi si msichana wa kazi tu? Mbona hata mimi ninaye hapa nyumbani?"

"Msichana wako akichoka anafunga virago, anakwenda kwao," nikamjibu. "Kijakazi alinunuliwa, dada, na aliyemnunua alimchagua kwa rangi yake. Huyo wako yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko jikoni."

"Anakusikia?"

Nyuma yake tukasikia sufuria imeanguka, au imetupwa, mimi sijui. Ikakatika.

Nilikuwa moto. Nilikuwa nasema mambo niliyoyameza miaka yote kwenye ile mashine. Mtangazaji mwenyewe alikuwa ameacha kutazama saa. Ndipo Meneja akaona amechelewa kushika usukani.

"Wasikilizaji," akaingilia, "ndiyo maana kampuni yetu imechukua hatua ya kihistoria. Mnaotutazama kwa simu, karibuni mwone sura mpya. Kilakazi!"

Akavuta kitambaa.

Kulikuwa na pakiti kubwa ya maonyesho, kubwa kama mto wa kulalia. Juu yake mwanamke anacheka. Nikamtazama. Kitambaa cha kichwani ni changu. Mwanya wa mbele ni wangu. Mkono umeinuliwa juu, umeshika mche wa sabuni.

Mkono ule nilikuwa nimeinua kiatu.

Walichukua picha kwenye ile video ya kantini. Kinywa changu kilichokuwa wazi kwa kutukana wamekivuta pembeni kikawa kicheko. Kiatu wamekitoa, sabuni wameiweka. Na ngozi, jamani, ngozi! Rangi ya chai iliyozidiwa na maziwa. Mama yangu angefufuka, angenipita njiani asinisalimie.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni wewe, dada yangu! Hukujijua?" Meneja alipiga makofi mawili akitegemea wengine watamfuata.

"Mimi ni mweusi."

"Huo ni mwanga tu wa kamera."

"Mwanga wa kamera umeacha kitambaa na rangi yake, umeacha sabuni na rangi yake, ukala ngozi yangu peke yake?"

"Dada, wataalamu wetu wa..."

"Mlikuwa mmeandika hung'arisha hata kilichozaliwa cheusi. Mmeyafuta maneno chini, mkaja kuyaandika usoni pangu!"

"Tupate muziki kidogo," akasema Mtangazaji.

"Usiweke muziki! Weka simu! Waulize wanaotutazama kama mimi na huyu ni mtu mmoja!"

Muziki ukawekwa. Nikabaki napiga kelele kwenye maiki iliyozimwa, na wimbo wa mapenzi unaimba juu ya kichwa changu.

Meneja akanifuata ukumbini, jasho linamtoka.

"Umetuaibisha. Wengine wangeshukuru."

"Nani aliwaruhusu kuchukua uso wangu?"

"Mumeo aliridhia kwa niaba ya familia."

"Uso ni wangu. Familia inauvaa wapi?"

Jibu lilikuwa nje linangoja. Gari la matangazo lilikuwa limeegeshwa mbele ya redio, tayari kwa msafara. Mume wangu ameegemea mlango, amevaa fulana mpya. Uso wangu, ule wa maziwa, umekaa juu ya kitambi chake, kila akipumua unacheka zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Wangu mimi alikuwa amenivaa.

"Umewapa uso wangu."

"Nisikilize kwanza, mke wangu."

"Nimekusikiliza miaka yote. Mji mzima umekusikiliza."

"Walitaka kuniondoa!" Akashusha sauti, na sijawahi kumwona akishusha sauti. "Waliniita nijaribu jina jipya. Nikasema Kija. Wakaniambia rudia. Nikasema Kija. Ulimi umeshazoea pale, hautoki. Meneja akasema watatafuta mwingine. Mimi sina kazi nyingine niijuayo, nina hii sauti tu. Ndipo nikawaambia, mke wangu ndiye aliyeleta mabadiliko haya, chukueni sura yake, mimi mniachie maiki."

"Ukanibadilisha na maiki."

"Sikukubadilisha. Niliona ni heshima. Yule msichana atoke, uingie wewe."

"Na hii rangi?"

"Hiyo sikuijua. Wallahi sikuijua." Akainamisha kichwa, akanitazama pale tumboni mwake. Kisha akafanya kosa la mwisho. "Lakini si umependeza?"

Watu wa msafara wanasema nilimpiga. Uongo. Niliivuta ile fulana tu, na kama ilichanika, basi ilishonwa vibaya.

Kesho yake mtoto akarudi shule, nami nikaenda kazini, kwa sababu hasira haimpi mtu ruhusa ya ugonjwa. Mlinzi wa getini akanisalimia, "Umetakata, mama!" na alikuwa anasema kwa wema. Ndani, roli mpya za karatasi zilikwisha kufungwa kwenye mashine yangu. Nikaiwasha kwa mazoea.

Nikaanza kupita mimi. Mimi, mimi, mimi, nacheka, nimekunjwa pembe, nimebandikwa gundi, nimeangukia kwenye boksi. Mwenzangu wa upande wa pili alikuwa akinipanga kwa safu na hataki kunitazama. Mikono yangu inajua kazi ile hata nikiwa nasinzia, na nikaiona inanisukuma kwenye mkanda, mimi mwenyewe kwa mikono yangu.

Nikabonyeza kitufe chekundu. Mashine nzima ikasimama, na ya jirani ikasimama, na ya mbele yake.

"Mama Cheche, kuna hitilafu?" mafundi wakapiga kelele.

"Ipo. Imechapwa."

Meneja hakushuka. Alituma ujumbe kwamba niende nyumbani nikapumzike mpaka watakaponiita. Hakusema watatumia jina gani kuniita.

Nilikuwa nimekaa nyumbani natafuta maneno ya kumwambia mtoto, yeye akaingia anakimbia, mkoba unampigapiga mgongoni. Sijamwona akirudi shuleni anakimbia tangu mwaka uanze.

"Mama! Leo hakuna aliyeniita lile jina!"

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wananiita mtoto wa Kilakazi. Yule aliyekuwa akiniambia nipige magoti ameniomba nikae naye. Mwalimu akaniita mbele, akasema mama yake huyu yuko kwenye sabuni, mpigieni makofi."

Mama mkwe akashangilia kutoka kwenye kiti chake. "Nilisema mimi! Mtoto alikuwa anadeka tu."

"Njoo hapa, mwanangu," nikasema. "Ile picha nitapambana nayo mpaka itoke. Wameniharibu. Yule mwanamke si mimi."

Uso wake ukaporomoka. "Usiwaambie waitoe."

"Umeisikia redio? Umesikia niliyosema?"

"Nimesikia. Wote wamesikia, mwalimu alituwekea kwenye simu." Akashika mkono wangu. "Mama, tafadhali. Wakiitoa nitakuwa nani tena?"

"Utakuwa wewe."

"Huyo wanamjua tayari," akasema.

Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi mpya ya sabuni waliyogawiwa na msafara, ameikunja vizuri kwenye kitabu cha hesabu. Akaiweka kando ya shavu langu. Akatazama karatasi, akanitazama mimi, akatazama karatasi.

"Najua si wewe," akasema taratibu. "Lakini ni mzuri. Wewe utakuwa hivyo lini?"

Mimi ni mtu wa majibu. Nina jibu la mwenye duka, nina jibu la Meneja, nina jibu la mume na la mama yake. Swali la mwanangu halikuwa na jibu mdomoni mwangu. Nilitaka kuvunja kitu, na kitu kilichokuwa karibu kilikuwa yeye, nikainuka nikatoka nje. Mama mkwe aliweka kikombe chini.

Usiku sikulala. Nilifikiri mpaka kichwa kikauma. Nikaamua nitakwenda kwa wakili, nitakwenda magazetini, nitapanda kila benchi la mji huu, na mtoto atakasirika, atalia, siku moja atanielewa. Nilipanga yote. Sikujua kwamba wa nyumbani kwangu nao wanapanga.

Jumamosi, mume wangu akaamka mapema, akasema anampeleka mtoto kununua viatu vya shule. Nikaona angalau amekumbuka kuwa baba. Nikawafungia mlango kwa mkono wangu.

Nilikuwa nafagia mbele ya nyumba niliposikia spika inakuja kutoka barabara ya juu. Nikakaza fagio, nikajiandaa kusikia ile "Kija." Haikuja. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti nyembamba, safi, haikwami popote.

"Jana nilikuwa Kijakazi, leo mimi ni Kilakazi! Njoo utakate, upendeze kama mama!"

Nikafikiri ni mtoto wa watu. Naapa, nilimwonea huruma mama yake.

"Jana nilikuwa Kijakazi, leo mimi ni Kilakazi!"

Mama mkwe akatokea mlangoni, mkono umeshika fremu. "Mwanangu," akaniambia, na hajawahi kuniita mwanangu, "hiyo si sauti ya mjukuu wangu?"

Nikatupa fagio.

Gari lilikuwa linakata kona kuingia mtaa wetu, polepole, watoto wamelizunguka wanapiga makofi, na wengine wao ni wale wale wa darasa lake. Mume wangu yuko kwenye usukani. Nyuma, kwenye jukwaa lililo wazi, amesimama binti yangu. Fulana yenye uso wangu imemfika magotini. Wamempaka poda usoni mpaka shingoni, na shingo imeishia pale, chini yake ni mtoto wangu. Ameshika maiki kwa mikono miwili. Jina ambalo lilimfungia ndani ya nyumba, analisema mwenyewe, juu yake mwenyewe, kwa mji mzima, na anacheka.

Nikasimama katikati ya barabara, nikaweka viganja vyangu juu ya boneti. Gari likasimama, joto lake likaniingia mikononi.

Mume wangu akatoa kichwa dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu, yeye pia hakulala. "Ulimi wake hautelezi," akasema, kama anayeomba msamaha na kujisifu kwa pumzi moja. "Meneja alimsikia mara moja tu, akasema ndiye. Mke wangu, ameomba mwenyewe. Muulize."

"Mteremshe mtoto."

"Muulize kwanza."

"Mteremshe mwanangu kabla sijalipindua gari hili!"

Makofi yakakoma. Majirani wametoka milangoni, mama mkwe amefika nyuma yangu, nasikia anavyohema. Wale watoto wakawa wanatutazama, mimi chini na yeye juu, wakingoja kuona mwenzao atafanya nini.

"Shuka, mwanangu," nikamwambia. Nililainisha sauti kadiri nilivyoweza. "Shuka twende nyumbani. Huna kosa."

Akanitazama. Akawatazama wenzake. Mdomo wake ukatetemeka chini ya poda, nikajua anakuja, nikanyoosha mikono nimpokee.

Akaileta maiki karibu na kinywa. Ilikuwa haijazimwa, na yeye alijua haijazimwa, kwa sababu mtaa mzima ulisikia alipovuta pumzi.

"Mama," spika ikasema. "Tupishe."